Maswali ya Wafugaji: Bata Bukini na Sifa ya Ujinga

SWALI: Shikamooni wataalamu. Binti yangu wa darasa la tano amekuta kwenye kitabu chake cha Kiingereza mtu mpumbavu akiitwa bata bukini. Hapa nyumbani tunao sita, na usiku hapiti mtu nje ya ua bila wao kupiga kelele. Ndege mlinzi namna hii alipataje sifa ya ujinga? (Msomaji, Nzuguni, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Sifa hiyo ilimpata Ulaya. Kule bukini alikuwa ndege wa kila ua wa kijijini, akichungwa na watoto kama mbuzi wanavyochungwa huku Ugogoni, na anayeishi karibu na watu ndiye anayebebeshwa kasoro zao. Waingereza, Wajerumani na Wafaransa wote humtaja wanapomsema mpumbavu. Sisi mzigo huo tumewatwika kondoo na punda. Hata hivyo si Wazungu wote waliomdharau: Warumi walisimulia kwamba mwaka 390 KK bukini wa mungu wao Juno ndio walioamsha walinzi wakati maadui zao Wagalia walipokuwa wanaukwea mlima wa Kapitoli, mjini Roma, usiku, huku mbwa wamenyamaza. Na hao waliomwita mjinga, karne nyingi waliandika kwa kalamu ya unyoya wa bawa lake. Fadhila za watu ndizo hizo.

Lakini tusimtetee kupita kiasi. Yapo mambo anayoyafanya ambayo mtu akiyaona lazima acheke. Chukua yai moja la jike anayeatamia, uliweke nje ya kiota, kama hatua moja hivi. Atanyoosha shingo, atapitisha mdomo ng'ambo ya yai, kisha atalivuta taratibu chini ya kidevu hadi kiotani, akiyumbisha mdomo kushoto na kulia ili lisichepuke. Wanasayansi Konrad Lorenz na Niko Tinbergen, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1938, waliliondoa yai katikati ya safari. Jike hakuacha. Aliendelea kuvuta hewa tupu mpaka kiotani; kilichokoma ni ule uyumbishaji tu, maana hakukuwa na kitu cha kukizuia kisichepuke. Akiwekewa kitu cha mviringo kikubwa kuliko yai lake, atakivuta vilevile.

Huo ndio unaoitwa ujinga, na sisi hatukubali jina hilo. Porini, kitu cha mviringo kilicho karibu na kiota cha bukini ni yai lake, basi. Anayesimama kukikagua kwanza huchelewa, na yai hupoa au huliwa. Kwa hiyo mwendo mzima umefungwa pamoja ndani yake: ukianza, humalizika. Hukosea pale tu binadamu anapomwekea mtego.

Mfugaji anaweza kuitumia tabia hiyo. Kiota chake kiwe mahali tambarare, kiwe na ukingo wa nyasi wa kama sentimita 10 kwenda juu. Kikiwekwa kwenye mteremko mayai yatabingirika, naye atashinda akiyavuta badala ya kuyaatamia, na yatapoa. Wakati wa kutaga, okota mayai kila siku lakini mwachie moja au mawili, ili arudi palepale. Akianza kuatamia mrudishie yasiyozidi 10. Zaidi ya hapo hawezi kuyafunika yote. Hesabu siku 28 hadi 32, na mengi hutotolewa karibu na siku ya 30. Kwa hewa kavu ya Dodoma, kuanzia Juni hadi Novemba, weka beseni la maji karibu na kiota. Jike akioga na kurudi na manyoya yenye unyevu, mayai hayakauki. Yakikauka, utando wa ndani huwa mgumu, na kifaranga hufia ndani akiwa ameshatoboa ganda.

SWALI: Bukini wangu wanahangaika kupenya kwenye wavu wakati lango liko wazi hatua tatu tu pembeni. Na vifaranga niliowatotolesha kwa mashine wanamfuata mwanangu hadi njia ya shule. Hawa hawana akili kweli! (Msomaji, Bahi)

JIBU: Tuanze na lango, ni jambo jepesi. Bukini akiona wenzake ng'ambo ya wavu huelekea waliko, na kuzunguka maana yake ni kuwapa kisogo kwanza. Hilo hataki. Hamishia lango kwenye kona: wakiambaa wavu wataishia hapo wenyewe. Waswage polepole, watu wawili wenye fimbo ndefu zilizonyooshwa pembeni kama mikono. Ukiwakimbiza watarundikana na kukanyagana. Na usimbebe kwa miguu, ni dhaifu. Shika shina la shingo na ubane mabawa yote mawili.

Vifaranga hawajapotea akili. Kifaranga wa bukini akitotolewa humshika kama mama yule wa kwanza anayemwona akitembea na kutoa sauti, na hilo hutokea ndani ya siku yake ya kwanza au ya pili. Lorenz aliwahi kufuatwa na vifaranga namna hiyo, na utafiti wa tabia za wanyama ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973, pamoja na Tinbergen na Karl von Frisch. Kinachoshikika upesi hivyo hakifutiki upesi. Kwa kundi lijalo, wapeleke vifaranga hao kwa jike anayeatamia usiku uleule wanapokauka, uwaingize chini ya bawa lake gizani. Hawa ulio nao mtoto awafungie kabla hajatoka, basi; watalia, wataacha.

SWALI: Vifaranga wangu wa wiki mbili miguu inapinda, wanaanguka wakitembea. Jirani anasema ni wajinga tu, hawajajua kutembea. Wanakula pumba ya mahindi. (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Jirani anakosea, na ukimsikiliza utawapoteza. Hiyo ni njaa ya niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Kifaranga wa bukini anahitaji kama miligramu 65 katika kila kilo ya chakula kwa wiki nne za mwanzo, na niasini iliyomo kwenye mahindi imeshikana kiasi kwamba ndege hafaidi nyingi. Leo hii nunua vitamini za kundi B za kuchanganya kwenye maji, katika duka la dawa za mifugo, na uhakikishe lebo inaitaja niasini. Chakula kiwe na protini asilimia 20 hadi 22 kwa wiki tatu za mwanzo: ongeza dagaa wa kusaga na mashudu ya alizeti kidogo, maana alizeti ina niasini nyingi lakini maganda yake huwashinda vifaranga. Wape majani mabichi yaliyokatwakatwa. Aliyeanza kupinda jana ataweza kunyooka. Yule ambaye kifundo kimeshavimba na kano imeteguka hanyooki tena.

Kagua pia sakafu. Saruji laini au gazeti huwafanya watandaze miguu. Weka maranda au nyasi kavu. Na pumba iliyovunda itupe kabisa, hata kama ni gunia zima. Bukini wachanga huathirika upesi sana na sumukuvu, ile ile ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi.