Naambiwa "njoo kesho", karatasi yenyewe siioni

SUALI: Asalaam alaykum. Mie nauza ndimu na mboga sokoni huku Kaskazini Pemba, mji wenyewe niuache. Tokea imalizike Ramadhani ada ya meza imepanda, tulikuwa tunatoa mia tano kwa siku sasa elfu moja, tukiuliza tunajibiwa madiwani washapitisha. Nkasema haya, basi naiomba hiyo karatasi iliyopitisha niione. Nshaenda barazani mara nne. Mara ya mwanzo mwenye faili kasafiri Unguja, ya pili nkaambiwa hizo nyaraka za ndani, ya tatu mlango umefungwa, ya nne kijana mmoja mdogo kuliko mwanangu wa mwisho ananiuliza "bibi, unataka kutushitaki?" Jee nna haki ya kuiona au najisumbua tu? — Mama Ndimu

JAWABU: Waalaykum salaam bi mkubwa. Hujisumbui hata kidogo.

Hilo la "nyaraka za ndani" lisikutishe. Faili la mfanyakazi aliyepewa onyo, hilo la ndani, sawa. Lakini ada unayoitoa wewe mkononi kila asubuhi itakuwaje ya ndani? Mabaraza yetu yanafanya kazi kwa Sheria ya Serikali za Mitaa namba 7 ya 2014, na ada ya soko inataka sheria ndogo nyuma yake, na sheria ndogo ikishapita hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Kitu kimeshachapwa gazetini halafu mtu anakificha kwenye mtoto wa meza, mie hapo huishia kucheka tu.

Kuna watakaokwambia itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Usiitaje, ile ni ya Bara, na afisa anayeijua atakutoa nayo mlangoni hivyo hivyo. Wewe shika Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 18, kinampa raia haki ya kupewa taarifa za mambo yanayohusu maisha na shughuli zake, na kuuza ndimu ni shughuli.

Ulipoteleza (usinune) ni kwenda na mdomo mtupu. Maneno hayana faili. Mie mwenyewe kitambo nilifuatilia kibali cha kibanda cha marehemu baba kwenye baraza moja, miezi mitatu naambiwa njoo kesho, mpaka mzee mmoja wa masjala, yuko nyuma ya rundo la majalada yaliyofungwa kwa uzi anamenya chungwa, akanambia taratibu, "mwanangu, wewe hapa hujawahi kuja, hakuna karatasi inayosema umekuja." Siku ile ile nikaandika barua na wiki ya pili nkaitwa.

Basi mtafute mjukuu akuandikie, ukurasa mmoja unatosha. Iende kwa Mkurugenzi wa Baraza, usiandike kwa "wahusika" maana hao hawana afisi. Usiombe "taarifa zote za soko", ukiomba vyote hupewi hata kimoja. Sema hivi: "Naomba nakala ya sheria ndogo inayoweka ada ya meza sokoni, na ukurasa wa kumbukumbu za kikao cha madiwani kilichopandisha ada hiyo." Weka tarehe, namba ya simu na namba ya meza yako. Sababu si lazima uieleze kwa urefu, "mimi ni mlipaji" inatosha. Na zile risiti zako za mia tano na za elfu moja zitolee kopi uzipachike nyuma, na kama elfu moja unatoa bila risiti basi hilo ni suali jengine kubwa kuliko hili.

Toa nakala mbili. Moja unaiacha masjala, ya pili unagongewa muhuri wa kupokelewa na tarehe yake, na usiondoke bila muhuri hata wakikwambia wino umekwisha, kaa kwenye benchi uusubiri. Wiki mbili zikipita kimya rudi na ile yenye muhuri, kisha nakala kwa diwani wako, maana mkono wake ndo ulionyanyuliwa kikaoni, na kwa Mkuu wa Wilaya. Bado kimya? Wizara inayosimamia mabaraza ni Afisi ya Rais, Tawala za Mikoa, Serikali za Mitaa na Idara Maalum za SMZ, nao wana masjala yao.

Kumbukumbu za kikao wanaweza kukuzungusha, nakwambia kweli. Sheria ndogo hawana pa kukuzungushia, ukiikosa kwao iulizie kwa mpigachapa wa serikali, Unguja.

Yule kijana mjibu kwa upole tu: "sishitaki mwanangu, nasoma."

SUALI: Nimekubaliwa kupewa nakala ila karani anataka elfu kumi "ya kopi" mkononi. Nitoe? — Msomaji, Chake

JAWABU: Mwambie akupe kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini. Akiwa nayo lipa na udai risiti, akiwa hana utaona kopi imeshuka bei hapo hapo.