Kabla hujamlipia Dorothy, inua misuko yake

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Houston. Ameona mdoli wa Dorothy, yule msichana wa filamu ya The Wizard of Oz, anauzwa, muuzaji anasema ni wa mwaka 1939, urefu inchi 18, bei dola 1,100, na hela anaitaka kabla ya Jumapili kwa kuwa kuna wateja wengine wawili wanamsubiri. Dada ananiuliza: ninunue?

Nilipofika kwenye hao wateja wawili mwili ulinisisimka. Mwaka 2017 na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikamjibu haraka asitume hata senti moja, nitamweleza. Maelezo yenyewe ndiyo haya, na nayaandika hapa kwa sababu najua tupo wengi huku ughaibuni tunaopenda midoli ya zamani na hatuna wa kutuelekeza kwa Kiswahili chetu.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikuja Minnesota kwa kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Kwenye nyumba ya wazee niliyoanzia kulikuwa na bibi mmoja aliyesahau karibu kila kitu: majina ya wanawe, kama ameshakula, kama ni asubuhi au jioni. Lakini ukimwekea filamu ya The Wizard of Oz anakaa wima kitandani, macho yanafunguka, na midomo yake inawatangulia waigizaji. Mara ya kwanza niliiangalia nimesimama, taulo mkononi, nikisubiri kumfuta. Msichana wa shambani huko Kansas anabebwa na kimbunga, yeye na mbwa wake na nyumba nzima, anaangukia nchi ya watu asiowajua, na kila anayemuuliza anataka nini jibu lake ni moja: kurudi kwetu. Nilikuwa na miezi saba hapa Marekani. Mama alikuwa mgonjwa Tanga, nauli sina, na makaratasi yangu hayakuruhusu kutoka. Lile taulo nikajifutia mimi.

Pale juu ya kabati lake kulikuwa na Dorothy mdogo wa inchi 8, gauni la drafti la bluu na nyeupe kama sare ya shule ya awali kwetu, na kimbwa chake Toto. Alikuwa wa binti yake. Kampuni ya Mego ilianza kutengeneza hiyo midoli mwaka 1974, yeye na wenzake wa kwenye filamu, Mtu wa Majani, Mtu wa Bati, Simba Mwoga na wale wachawi. Filamu ilikuwa ya 1939, lakini tangu 1956 ilipoonyeshwa kwenye televisheni watoto wa Marekani walikua nayo, ndiyo maana miaka ya sabini midoli yake ilikuwa na soko. Bibi alipofariki, binti yake alikuja kukusanya vitu, akanikabidhi yule mdoli mbele ya msimamizi wangu. Huyo ndiye wa kwanza. Hauzwi.

Kwetu Tanga mdoli tulimwita mtoto wa bandia, au bandia tu. Bibi yangu mzaa mama alinitengenezea wa gunzi la muhindi, kichwa cha kitambaa kilichojazwa sufi, na gauni ni kipande cha kanga iliyochakaa. Neno hilo kwangu lilikuwa tamu. Ilibidi nivuke bahari ndipo nijue kuwa hata bandia ana bandia wake.

Miaka iliyofuata sina la kusimulia, nilikuwa nakusanya kidogo kidogo: hii ya Mego, ile ya ukumbusho wa miaka hamsini ya filamu, Barbie aliyevalishwa kama Dorothy. Kila mtu anapata hizo. Ila aliyekuwa akininyima usingizi ni yule wa kwanza kabisa, aliyetengenezwa na kampuni ya Ideal filamu ilipotoka, mwaka 1939 na 1940, akiwa na sura ya Judy Garland mwenyewe, mwigizaji aliyecheza Dorothy. Alitengenezwa kwa muda mfupi tu. Na Judy Garland ni mtoto wa huku huku Minnesota, alizaliwa Grand Rapids mwaka 1922. Nilijisikia kama natafuta ndugu wa jirani.

Basi 2017 nikaenda kwenye maonyesho ya midoli katika ukumbi wa hoteli moja. Mtu mweusi nilikuwa peke yangu. Kwenye meza ya kona nikamwona: misuko miwili, gauni la drafti la bluu, viatu vimepakwa rangi nyekundu. Mzee mwenye meza akaniambia ni wa Ideal, 1939, nadra sana. Nikamuuliza kama naweza kumshika. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akasema midoli hii ni dhaifu, mtu asiyeizoea anaivunja. Akamwinua yeye mwenyewe, akamgeuza kidogo, akamrudisha. Halafu ndiyo akataja wale wateja wawili.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua cha kufanya. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vizima. Nilijua ningemwambia, baba, naomba uinue nywele nione shingo. Lakini kile kitazamo chake kilinifunga mdomo. Nikataka nionekane mtu mwenye hela na mwenye ujuzi, siyo mswahili aliyekuja kushangaa. Nikahesabu dola 900 mbele yake. Ni zamu za usiku ngapi zile, sitaki hata kupiga hesabu.

Nyumbani nikamweka chini ya taa ya mezani. Kwanza macho. Dorothy wa Ideal ana macho ya kahawia. Haya yalikuwa rangi ya asali yenye ukijani ndani yake. Kisha mashavu: vishimo viwili, vizuri kabisa, vya mtoto anayecheka. Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikainua misuko. Wigi ilikuwa imebandikwa kwa gundi mpya inayong'aa, na chini yake shingoni kulikuwa na maandishi yaliyozibwa kwa kitu kama gamu na kupakwa rangi ya ngozi. Nikapitisha kucha taratibu. Herufi ya mwanzo iliyojitokeza ilikuwa S. Ya pili H.

Shirley Temple. Yule mtoto nyota wa filamu za zamani. Nilikuwa nimeuziwa mdoli wake aliyenyonyoka nywele, akavalishwa udorothy. Ideal walianza kutengeneza mdoli wa Shirley mwaka 1934, na mchongaji wake, Bernard Lipfert, ndiye aliyemchonga Dorothy pia, kwa hiyo ukiwatazama kwa mbali wanafanana kama watoto wa tumbo moja. Isitoshe, Shirley mwenyewe aliwahi kufikiriwa kwa nafasi ya Dorothy kwenye filamu kabla haijaenda kwa Judy.

Nikampigia yule mzee. Akasema kilichouzwa kimeuzwa, na kweli risiti yake ilikuwa imeandikwa "mdoli wa zamani, gauni la drafti" basi. Hakuna Ideal, hakuna Dorothy, hakuna 1939. Mpaka leo nikipita barabara ya ile hoteli moyo wangu unabadilika. Watu husema samehe usahau. Nimesamehe.

Ubaya ukazaa ubaya mwingine. Mwaka uliofuata nilikutana na Dorothy mwenye drafti nyekundu, kwa bei nzuri, na mwenye kuuza alikuwa tayari nimchunguze nitakavyo. Nikakimbia. Niliona nyekundu nikasema huyu naye ni wa kughushi, kwa maana kwenye filamu gauni ni bluu. Baadaye ndiyo nikajua kwamba Ideal walimvalisha gauni la rayoni la drafti ya bluu au nyekundu, zote mbili. Mara hii nilipotezwa na hofu.

Basi dada wa Houston, na wengine wote, shikeni haya. Muuzaji ainue misuko, apige picha shingoni kwenye mwanga wa kutosha. Unatafuta jina IDEAL nyuma ya kichwa, na herufi USA mwilini. Macho ya kahawia, yanayofumba ukimlaza. Mdomo umeachama kidogo, meno ya juu yanaonekana. Nywele za kahawia iliyokoza. Ukiona jina la Shirley, au ukiona mahali palipozibwa, ondoka. Gauni lisikudanganye, gauni linashonwa kwa saa moja. Mimi mwenyewe ninalishona. Na risiti iandikwe mdoli ni nani, wa kampuni gani, wa mwaka gani. Akikataa kuandika, kwa nini wewe ukubali kulipa?

Mwaka juzi nilikwenda Grand Rapids, mwendo wa kama saa tatu kwa gari kutoka Minneapolis, kwenye makumbusho ya Judy Garland. Humo ndimo vilimoibwa viatu vyekundu vya Dorothy wa kwenye filamu usiku mmoja wa Agosti 2005. Vilipatikana 2018, na Desemba 2024 vikapigwa mnada kwa dola milioni 28. Ukiongeza ada za dalali vikafika milioni 32.5. Lakini kilichonishika ni mwizi. Alipokiri mahakamani 2023, alisema alidhani vile vyekundu ni yakuti za kweli. Ni vipande vya kumetameta vilivyoshonewa kwenye kitambaa! Alivunja kioo, akaiba, bila kujua alichokishika. Nilisimama pale nikafikiria ile meza ya kona.

Dada zangu, acheni aibu. Nasema tena, acheni aibu. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hafunui vyungu vya watu, na ni malezi mazuri, ila sokoni wewe si mgeni, wewe ni mnunuzi. Bibi zetu Mgandini pale hawanunui samaki bila kumfunua shavu. Wewe unanunua kitu cha dola elfu moja unaona haya kuinua nywele? Mgeuze. Mvue viatu. Mpapase mgongo. Anayekasirika ukimgeuza mdoli wake amekwambia anachoficha.

Mwezi uliopita nililipwa subira yangu. Kulikuwa na mauzo ya vitu vya marehemu kwenye nyumba moja huko kaskazini. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, theluji imefika magotini, nikawa wa tatu kwenye foleni. Ndani ya boksi la mapazia kuukuu nikaona msuko mmoja tu. Nikamwambia mama aliyekuwa akiuza: naomba nimgeuze. Akasema geuza, mwanangu, alikuwa wa mama yangu. IDEAL, ipo. USA, ipo. Macho ya kahawia, moja linakwama kidogo kufumba. Drafti nyekundu. Inchi 15 na nusu, dola 340. Nikakaa ndani ya gari robo saa kabla ya kuwasha injini.

Ukimpata, mtunze. Midoli hii imetengenezwa kwa vumbi la mbao lililokandwa na gundi na kupakwa rangi juu, kwa hiyo maji ni adui yake wa kwanza. Usimwoshe, hata kwa kitambaa kibichi. Joto la hita wakati wa baridi na unyevu wa kiangazi vinamtanua na kumbana mpaka rangi inapasuka nyufa nyembamba kama chungu cha zamani, na nyufa hizo hazirudi nyuma. Usimweke darini, usimweke chini ya nyumba, usimfungie kwenye mfuko wa plastiki. Wala usimtie mafuta machoni, hata kama umesikia mtu anasema yanang'arisha.

Shangazi aliponiona naye kwenye simu aliniuliza, "Mwanangu, hela hiyo si ungenunua bati?" Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, bati nimeshanunua, nyumba ya mama imeezekwa." Akanyamaza, halafu akaniomba nimsogeze karibu amwone. Watu watakusema. Wakusemao si wao wanaosimama zamu ya usiku. Lipa ada za watoto, tuma nyumbani, kisha kinachobaki ni chako na usimwombe mtu radhi.

Na yule Shirley bado ninaye. Nilimtoa wigi ya uongo, nikasafisha zile herufi kwa ncha ya kijiti zikasomeka zote. Shirley Temple mwenyewe alipokuwa mtu mzima alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, 1974 mpaka 1976. Nimemshonea gauni la kitenge.

Jana usiku dada wa Houston amenitumia picha. Muuzaji amekubali kuinua misuko. Shingo inaonekana vizuri, herufi zote tano. Nimemwambia sasa aombe ya mgongo.