Nilishika ndoo tu

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Nimeitwa chuo kusomea udaktari wa mifugo. Wiki jana nilifuatana na daktari wa farasi kutwa nzima, upande wa Rongai. Tulimkuta farasi jike akijigaragaza na kugeuka kutazama ubavu wake kila mara. Daktari alimpitishia mpira puani hadi tumboni, mimi nikashika ndoo. Sindano sikugusa. Saisi, yaani mtunza farasi, alinikemea mara mbili kwa kupita nyuma ya farasi. Jioni baba aliniuliza nimejifunza nini, nikamwambia nilishika ndoo. Akasema farasi ni wa matajiri, heri nitafute daktari wa ng'ombe. Niende tena au niache?
Mwanafunzi, Njoro

JIBU: Mwanangu, nenda tena. Lakini kwanza niambie: ndani ya hiyo ndoo mlikuwa na nini, na kilifika wapi?

Farasi hatapiki. Umio wake unapoingia tumboni kuna msuli uliokaza sana. Kilichoshuka hakipandi tena. Utumbo ukiziba au ukijisokota, maji na hewa hurudi nyuma na kujaa tumboni, na tumbo likizidi kujaa hupasuka. Likishapasuka hakuna wa kumwokoa. Ndiyo maana daktari aliwahi na mpira. Bila shaka alitia kwanza maji ya vuguvugu aliyoyapima, kisha akaushusha mpira chini ili yatoke yenyewe. Yakirudi yaleyale aliyotia, anapata nafuu moyoni. Yakizidi kwa zaidi ya lita 2, anaanza kushuku utumbo mwembamba, na hapo ndipo humvuta mwenye farasi kando wazungumze habari ya upasuaji, au ya kumpumzisha mnyama asiteseke. Kwa hiyo wewe ndiwe uliyeshika kipimo. Daktari alikuwa akiitazama ndoo, na wewe, nadhani, ulikuwa ukitazama sindano.

Safari ijayo tazama anachokitazama yeye. Atabonyeza ufizi kwa kidole, mahali pale patakuwa peupe, halafu atasubiri rangi irudi. Katika farasi mzima hairudi baada ya sekunde 2, inarudi kabla. Atapeleka vidole chini ya taya, penye mshipa unaoteleza kama uzi mnene, ahesabu mapigo. Farasi aliyetulia ana 28 hadi 44 kwa dakika. Ukisikia 60 na zaidi, jua maumivu ni makali au damu haizunguki vizuri. Atasikiliza ubavu wa kushoto na wa kulia, juu na chini, kwa sababu utumbo uliokaa kimya humtia wasiwasi kuliko unaonguruma. Andika kila tarakimu na saa yake. Maswali yaweke mpaka mrudi garini. Mbele ya mwenye mnyama, daktari ana mtu mmoja tu wa kumjibu.

Kuhusu sindano usisononeke. Sheria ya mwaka 2011 inataka anayetibu wanyama awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Daktari aliyekunyima sindano alikufanyia haki, na farasi pia.

Na yule saisi, mshukuru. Farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja, na akishtuka hurusha teke. Msogelee upande wa bega la kushoto, ukizungumza, na ukilazimika kuzunguka nyuma, pita mbali kabisa au umguse mgongoni ukimkaribia hadi ubavu wako umgonge. Mimi nikiwa mwanafunzi nilikaa nusu saa Gilgil nikikagua bega la farasi aliyekuwa akichechemea vibaya. Nilikuwa na hakika ni bega. Saisi mzee alisubiri nimalize, akainama, akafunika kwato kwa kiganja chake na kusema, "Hii ina moto." Daktari akabana kwa koleo la kwato, farasi akavuta mguu. Akachimba kidogo kwa kisu kwenye wayo, ukatoka usaha mweusi wenye uvundo usiosahaulika. Haikupita muda, mguu ule uliokuwa ukining'inia ukakanyaga chini. Akamchoma chanjo ya pepopunda, tukaondoka. Tangu siku hiyo, kabla sijamwuliza mwenye farasi lolote, humwuliza saisi: jana jioni alimaliza nyasi? Mavi yake yalikuwaje?

Sasa la baba yako. Kweli farasi wetu wako kwenye mashamba makubwa, kwenye polo na mbio za Ngong. Lakini mwambie atoke nje ya geti. Punda anayevuta mkokoteni wa maji hapo Njoro ana tumbo lilelile lisilotapika, kwato zilezile, na meno yanayoota ncha zinazokata shavu mpaka yasuguliwe kwa tupa. Tofauti kubwa ni kwamba punda huficha maumivu. Farasi wako alijigaragaza. Punda mwenye msokoto uleule anaweza kusimama tu, kichwa chini, ameacha kula, na mwenyewe akadhani amechoka. Nimewapoteza punda wengi kwa sababu niliitwa siku ya tatu. Siku hizo tatu ndizo zinazoniuma. Anayelisha watoto kwa mitungi ya lita 20 anahitaji daktari anayeujua mwili huu, na sisi ni wachache. Ng'ombe utafundishwa vya kutosha, uende Kabete au Egerton hapo jirani.

Kabla ya safari ya pili fanya hivi. Kesho alfajiri, punda wa jirani akiwa hajafungwa mkokoteni, omba ruhusa, simama begani, tafuta ule uzi chini ya taya. Hesabu dakika nzima. Ukipata karibu 44, uko mahali pake. Rudi tena jioni akishafunguliwa, hesabu upya, uniandikie hizo namba mbili.