Nimefuta Kila Kitu, Mbona Diski Imejaa?

Barua tulizopokea safari hii zinafanana kwa jambo moja: wenyewe walitaka kufuta faili kwa namna ambayo mtu mwingine hataweza kuzirejesha, na mwisho wa kazi wakakuta nafasi ya diski imepungua, au haikurudi kama walivyotarajia. Tumechagua nne zinazowakilisha nyingine.

Ndugu Mjibu Maswali,
Kabla ya kumkabidhi mwenzangu kompyuta ya Windows niliyokuwa nikiitumia kazini, nilifuta faili za mishahara, kisha nikaendesha programu ya kusafisha nafasi tupu ili faili hizo zisirejeshwe. Diski D ilikuwa na GB 180 tupu. Baada ya muda kompyuta ilinionya kwamba nafasi imekwisha, nikashtuka na kuizima kwa kushikilia kitufe. Nilipoiwasha, diski D ilibakiwa na MB 12 tu, ingawa folda zangu zote nikizijumlisha hazifiki hata nusu ya diski. Nafasi imekwenda wapi, na je, diski imeharibika?
*Mhasibu*

Jibu: Diski yako haijaharibika, na nafasi yako haijakwenda mbali. Neno lenyewe la kufuta ndilo linalotuponza. Ukifuta ubao, chaki inaondoka. Kompyuta ikifuta faili, inachokiondoa ni jina la faili katika daftari lake, huku maandishi yenyewe yakiendelea kukaa palepale mpaka siku faili nyingine itakapoandikwa juu yake. Programu ya kusafisha nafasi tupu inataka kuyaharibu masalia hayo bila kugusa faili zako zilizo hai, na njia ya kawaida ya kufanya hivyo ni kufungua faili mpya na kuijaza takataka hadi mfumo useme kwamba hakuna tena nafasi. Kwa hiyo onyo lile lililokushtua halikuwa ajali, bali lilikuwa dalili kwamba kazi inakwenda ilivyopangwa. Hatua ya mwisho ya programu ni kuifuta faili hiyo kubwa na kukurudishia nafasi yako, na wewe uliizima kompyuta kabla hatua hiyo haijafika.

Fungua diski D, ruhusu vitu vilivyofichwa vionekane, kisha panga vilivyomo kwa ukubwa. Kama ulitumia amri ya `cipher /w` iliyomo ndani ya Windows, utakuta kwenye mzizi wa diski folda iitwayo EFSTMPWP. Amri hiyo huijaza diski mara tatu, kwanza kwa sifuri, kisha kwa thamani 0xFF (yaani biti zote zikiwa 1), na mwisho kwa namba za nasibu, na ikikatizwa katikati huiacha folda hiyo na mzigo wake. Programu nyingine zina majina yao wenyewe, mara nyingi msururu wa herufi usio na maana yoyote, lakini zote utazitambua kwa ukubwa usio wa kawaida na kwa tarehe na saa inayolingana na ile uliyoiendesha kazi. Kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32 hutaona faili moja kubwa bali nyingi zenye ukubwa wa karibu GB 4 kila moja, kwa kuwa mfumo huo hauruhusu faili kufikia kiasi hicho.

Ukishaiona, ifute kwa Shift na Delete kwa pamoja, kwa sababu Delete peke yake itaihamishia kwenye pipa la taka, na pipa hilo liko kwenye diski hiyohiyo. Humo ndani hamna kitu cha maana, hivyo usihofu kupoteza chochote. Hofu iwe upande wa pili: usifute faili kubwa kwa sababu tu ni kubwa. Faili za pagefile.sys na hiberfil.sys, ambazo hukaa kwa kawaida kwenye diski C, ni mali ya Windows yenyewe. Ikiwa huoni faili yoyote ya kutiliwa shaka na bado hesabu haikubali, endesha `chkdsk D: /f` ukiwa na haki za msimamizi, ili daftari la diski likaguliwe na vipande vilivyoachwa bila mwenyewe viokotwe.

Baada ya hapo itakubidi uianze kazi upya, kwa kuwa iliyokatizwa haihesabiki. Safari hii chomeka chaja, zuia kompyuta isilale, funga programu zote, na usiiguse. Tahadhari hii ni muhimu zaidi ukisafisha diski C, ambako dakika zile za mwisho hakuna programu inayoweza kuhifadhi kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha hati moja ndefu wazi usiku wa kazi kama hiyo, na asubuhi nikakuta mabadiliko ya jioni nzima hayakuhifadhiwa.

Usishangae pia kama hata baada ya kumaliza vizuri utapungukiwa na GB moja au mbili. Katika NTFS, mfumo wa faili wa kawaida wa Windows, faili ndogo sana huhifadhiwa ndani ya daftari kuu la faili, liitwalo MFT, na ndiyo maana baadhi ya programu za kusafisha hutengeneza mamia ya maelfu ya vijifaili ili kufunika masalia yaliyomo humo. Vijifaili hufutwa, lakini daftari likishatanuka halisinyai. Kila faili huchukua humo kwa kawaida baiti 1,024, kwa hiyo vijifaili milioni moja vinakula takriban GB moja, ambayo itatumika tena kwa faili zijazo ingawa haitarudi kwenye hesabu ya nafasi tupu.

Ndugu Mjibu Maswali,
Ninatumia Linux. Nilifuta video ya GB 40 kwa amri ya `shred`, ikafanya mizunguko yake mitatu bila kosa lolote, lakini `df` inaonyesha nafasi ileile ya mwanzo. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa kompyuta*

Jibu: Andika `ls -lh` mahali video ilipokuwa, nawe utaikuta bado ipo, kwa jina lake na kwa GB zake 40, ila haichezi tena. Amri ya `shred` ikiachwa hivyohivyo huandika takataka juu ya yaliyomo na kuishia hapo. Ili iliondoe na jina lenyewe ni lazima uiongezee `-u`. Sasa unaweza kuiondoa faili hiyo kwa `rm` ya kawaida, maana kilichobaki humo hakina siri.

Ikiwa jina limeondoka na nafasi bado haijarudi, uliza ni nani anayeishikilia. Linux haiachilii nafasi ya faili iliyofutwa maadamu kuna programu iliyoifungua, na hapo ndipo `df` na `du` zinapotofautiana: ya kwanza huhesabu nafasi iliyokwisha kushikwa, ya pili huhesabu faili zenye majina. Amri ya `lsof +L1` itakuonyesha programu zinazoshikilia faili zisizo na jina, na kuifunga programu husika kunatosha.

Kagua vilevile aina ya mfumo wa faili. Katika Btrfs, kuandika juu ya faili hakufanyiki palepale, bali maandishi mapya hupelekwa mahali pengine na ya zamani huachwa mpaka yasiwe na mwenye kuyahitaji. Ukiwa na nakala za hali ya nyuma za diski hiyo, kila `shred` unayoifanya inakula nafasi zaidi huku video yenyewe ikibaki salama ndani ya nakala, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha ulichokusudia. Katika ext4 tatizo ni jingine: asilimia 5 ya diski kwa kawaida hutengwa kwa ajili ya msimamizi, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida akisafisha nafasi tupu ya diski ya TB 1 anaacha karibu GB 50 bila kuguswa, na masalia ya faili zake huenda yamo humo.

Ndugu Mjibu Maswali,
Programu niliyonayo ya Windows inanipa uchaguzi wa kuandika mara 1, mara 3, mara 7 au mara 35. Nilichagua 35 ili niwe na uhakika, na sasa ni siku ya pili diski ya nje ya TB 1 imejaa na kazi haijafika nusu. Nivumilie? Na baada ya hapo nifanye vivyo hivyo kwenye diski ya SSD, ile isiyo na sahani zinazozunguka, iliyo ndani ya kompyuta?
*Asiyependa haraka*

Jibu: Sitisha kwa kitufe cha programu yenyewe, si kwa kuchomoa waya, ili ipate nafasi ya kuondoa faili yake ya takataka. Diski yenye sahani zinazozunguka, ikiandika kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde, inahitaji karibu saa 2 kuijaza TB 1 mara moja. Zidisha kwa 35, utapata karibu siku tatu. Idadi hiyo ilitoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, ambayo ilikusanya mifumo ya kufutia kwa ajili ya aina mbalimbali za diski za zama zile, na Gutmann mwenyewe baadaye alieleza kwamba hakuna diski hata moja inayohitaji mizunguko yote 35. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, namba 800-88 katika toleo lake la mwaka 2014, unaeleza kwamba kwa diski za sumaku, yaani zenye sahani kama yako, kuandika mara moja kwa kawaida kunatosha. Kama ni mimi, ningechagua mara 1 na kulala.

Kwa SSD, usifanye kabisa. Diski hiyo haiandiki mahali unapodhani inaandika: kidhibiti chake hugawa maandishi kwenye seli mbalimbali ili zichakae kwa usawa, na ina akiba ya seli ambayo mfumo endeshi hauioni kamwe. Utaijaza, utaichosha, na bado huwezi kuapa kwamba faili ya zamani haimo kwenye akiba. Apple iliondoa uwezo wa kumwaga pipa la taka kwa usalama katika OS X El Capitan, mfumo endeshi wa Mac wa mwaka 2015, kwa sababu hiyohiyo ya kutoweza kuuhakikisha. Kwenye SSD, washa usimbaji fiche wa diski nzima tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker ya Windows au FileVault ya Mac. Siku ya kuiachia kompyuta unaharibu ufunguo, na kazi hiyo haidai hata MB moja ya nafasi.

Ndugu Mjibu Maswali,
Nilifuta folda yenye GB 60 kwenye Windows kwa programu inayoandika takataka juu ya faili. Nafasi iliyorudi ni GB 20 tu. Pipa la taka ni tupu, nimelikagua mara mbili.
*Mpiga picha*

Jibu: Angalia nakala kivuli, yaani kumbukumbu ambazo Windows huziweka ili iweze kurudisha diski katika hali ya siku zilizopita. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `vssadmin list shadowstorage`, na utaona kiasi zinachotumia na kiasi cha juu kilichoruhusiwa. Zinavyofanya kazi ni hivi: kila unapoandika juu ya eneo lililokuwa na faili wakati nakala ilipochukuliwa, Windows kwanza huyaokoa maandishi ya zamani na kuyahamishia kwenye hifadhi ya nakala. Programu yako ya kufutia, kila ilipoandika takataka juu ya picha, ilikuwa inailazimisha Windows kuzichukulia picha hizo nakala nyingine, na huko ndiko huenda GB zako nyingi zilikokwenda.

Fungua mipangilio ya ulinzi wa mfumo, chagua diski husika, kisha futa kumbukumbu zake za kurejeshea na upunguze kiasi kilichotengwa. Nafasi itarudi ndani ya dakika chache. Kisha, kwa kuwa picha zile zilikuwa zimehamia mahali ambapo sasa pamekuwa nafasi tupu, safisha nafasi tupu mara moja, kama ni diski yenye sahani zinazozunguka. Kwa SSD, rejea jibu lililotangulia. Wenye Mac wana jambo linalofanana na hilo: Time Machine huweka nakala za ndani kwa hadi saa 24, nazo huonekana kwa `tmutil listlocalsnapshots /`. Nakala hizo kwa kawaida huondoka zenyewe, kwa hiyo ukifuta kitu leo, kipime kesho.