Mtoto asiyesema anaweza kujifunza nini kwa farasi?

Dada yangu wa Mbagala, umeuliza kama mwanao wa miaka minane, mwenye usonji na asiyetamka neno, anaweza kunufaika na mafunzo ya farasi ilhali hafuati maelekezo ya mdomo. Anaweza, na nimelishuhudia hilo kwa watoto ninaowasaidia hapa Dar es Salaam. Sharti kubwa, hata hivyo, linatuhusu sisi watu wazima: kabla hajamkaribia farasi, sote tuwe tunaijua ishara yake ya kusema "basi", na akiitoa, kila kitu kisimame papo hapo.

Ishara hiyo inaweza kuwa kadi ya picha au tendo lolote analoliweza. Mtoto mmoja hubana kiganja kifuani. Alikuwa akimpiga farasi brashi begani, akabana kiganja, na mtunzaji akamrudisha farasi nyuma hatua chache bila kuuliza wala kubembeleza. Mtoto akakaa kimya muda mrefu akiitazama nafasi iliyoachwa, kisha akanyoosha mkono wenye brashi kumwelekea farasi. Mtoto huyu huogeshwa, huvishwa na kubebwa kwa ratiba za wengine. Kwangu mimi, kuona mnyama mkubwa namna ile akisogea kwa kauli yake lilikuwa somo zito kuliko kupanda mgongoni.

Farasi anafaa kwa kazi hii kwa kuwa naye huzungumza kwa mwili. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alimchunguza Hans, farasi wa Berlin aliyesifika kwa kujua hesabu, akabaini kwamba alikuwa akisoma miondoko midogo mno ya muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kuwa anaifanya. Kwa hiyo mtoto akikakamaa, mara nyingi farasi huinua kichwa, na akilegea, naye hutulia. Sisi ndio huvuruga mazungumzo hayo kwa maneno yetu yasiyokatika: njoo, shika, usiogope. Mwalimu mzuri hunyamaza na kusubiri.

Farasi naye ana haki ya kukataa. Akilaza masikio nyuma na kupigapiga mkia pasipo nzi, zoezi liishe. Mtoto aongozwe kumfikia kwa upande wa bega, kwa sababu farasi haoni moja kwa moja nyuma yake wala karibu kabisa na paji la uso wake. Kwa joto letu, nendeni asubuhi mapema. Usikimbilie tandiko, kazi ya chini, yaani kupiga brashi, kulisha na kuongoza kwa kamba, inatosha kwa muda mrefu, na suala la kupanda liamuliwe pamoja na daktari wake.

Ukienda kukagua mahali, muulize mwalimu atafanya nini mwanao akikataa katikati ya zoezi. Akikujibu kwamba watoto huzoea tu wakilazimishwa kidogo, tafuta kwingine.