Hesabu diskriti niliielewa sokoni Kibuye

Kama umeingia mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta ukitarajia kuandika programu tangu wiki ya kwanza, kisha ukakutana na hesabu diskriti (hesabu za vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, pamoja na mantiki), najua unavyojisikia. Semista yangu ya kwanza hapa Kisumu nilikariri majedwali ya ukweli, yale yanayoonyesha lini sentensi ni kweli na lini ni uongo, usiku kucha, na mtihani ukanishinda. Kilichonitatiza ni "ikiwa p, basi q", ambapo p na q ni sentensi zozote mbili. Inakuwaje p ikiwa uongo, sentensi nzima ihesabiwe kuwa kweli? Nilimuuliza mwalimu, akanionyesha jedwali lile lile.

Jibu nililipata Kibuye. Mama ninayenunua omena kwake aliniambia, "Mwanangu, ukichukua gorogoro mbili, nakuongezea." Nilirudi nyumbani nikiigeuzageuza ahadi hiyo. Nikichukua mbili akaniongezea, ametimiza. Nikichukua moja asiniongezee, siwezi kumwita mwongo, maana kwa gorogoro moja hakuniahidi kitu. Nikichukua moja na kwa wema wake akaniongezea, bado hajavunja neno lake. Njia ya kulivunja ni moja tu: nichukue mbili, kisha afunge mfuko bila nyongeza. Hizo ndizo safu nne za jedwali, na tangu siku hiyo sijazikariri tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kila alama unayopewa, isome kwa sentensi kamili ya lugha unayoongea nyumbani. Ukiwa Kondele, uko Kisumu. Igeuze: ukiwa Kisumu, uko Kondele? La, huenda uko Dunga ukila samaki. Lakini kama hupo Kisumu, basi hakika hupo Kondele. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuthibitisha sentensi iliyogeuzwa badala ya ile waliyoulizwa.

Induksheni nayo, yaani kuthibitisha kwa kuanzia mwanzo kisha kupanda hatua moja moja, huogopwa bure. Sisi tulikuwa tukisoma pamoja chumbani kwa rafiki, na kwetu anayechelewa huwapa mkono wote aliowakuta. Wa kwanza hana wa kumsalimia: sifuri. Wa pili, mkono mmoja. Wa tatu, miwili. Tulipokuwa watano, mikono ilikuwa 10. Fomula ya watu n inasema n(n−1)/2. Sasa tuseme inashika kwa watu n, halafu mlango ubishwe. Mgeni anasalimia watu n, kwa hiyo jumla ni n(n−1)/2 + n, yaani n(n+1)/2, na hiyo ni fomula ile ile kwa watu n+1. Uthibitisho umekwisha.

Usimsahau yule wa kwanza aliyekaa peke yake, tafadhali. Bila yeye unaweza "kuthibitisha" kwamba kila namba ni sawa na inayoifuata: kama n = n+1, ongeza moja pande zote, upate n+1 = n+2. Hatua ni sahihi kabisa, ila haina pa kuanzia.

Na hii si michezo ya darasani. Ukiandika lupu, yaani amri zinazojirudia, inayolinganisha kila kitu na kingine kwenye orodha ya vitu 1,000, umepeana mikono mara 499,500. Ndipo utajua kwa nini programu yako inakwama orodha inapokuwa ndefu.

Grafu, yaani michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari, sitazieleza sana, kwa sababu wengi huzipenda zenyewe. Anza na swali la mwanahisabati Euler la mwaka 1736 kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg, uchore kwa kalamu. Utaona vipande vyote vinne vya nchi kavu vina madaraja ya idadi witiri, hivyo haiwezekani kuyapita yote mara moja moja tu.

Leo usiku, kabla ya kufungua majibu ya zoezi lolote, lifanye kwa n = 1, 2, 3 na 4 kwa mkono. Ukikwama ukiwa kwenye n = 4, mpigie mwenzako na umwambie kwa maneno, bila alama hata moja, mgeni aliyeingia ni nani na ameongeza nini.