Maswali Yenu: Willie Anderson, Mskoti aliyebeba US Open mara 3 mfululizo

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu Willie Anderson, nikasema ndo mtu pekee aliyewahi kushinda US Open ya gofu, yaani ubingwa wa wazi wa Marekani, miaka 3 mfululizo, basi barua zikaja nyingi kuliko nilivyotegemea. Wengine wanauliza, wengine wanabisha, kuna mzee mmoja kanikaripia kabisa. Nimefurahi mno maana huyu mtu nampenda na naona kasahaulika bila sababu. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

*Mambo vipi kaka mhariri. Mi gofu naiangalia kwenye TV tu, fimbo sijawahi kushika. Huyo Anderson katokea wapi, na kama ni Mskoti alifikaje Marekani, alifuata ubingwa au?*

Poa ndugu yangu. Ubingwa hakuufuata, alifuata kazi, na hili ukilishika hapa mwanzo mambo yake mengine yote utayaelewa.

Kazaliwa Oktoba 1879 huko North Berwick, mji mdogo wa pwani mashariki ya Edinburgh. Baba yake, Tom, ndo alikuwa mtunza nyasi wa uwanja wa West Links palepale, kwahiyo dogo kakulia uwanjani. Akiwa na miaka 11 hivi tayari anabeba fimbo za wachezaji, baadae akaenda Gullane, kijiji cha jirani, kujifunza ufundi wa kutengeneza fimbo zenyewe. Na msifikirie ni kazi ya mashine, enzi zile fimbo ni mti, unachonga kichwa kwa mkono, unakiunganisha na mpini kwa gundi halafu unazungushia uzi mpaka ushike. Fundi mzuri alikuwa na heshima yake kabisa.

Sasa wakati huohuo kule Marekani gofu imeanza kuwapagawisha matajiri. Klabu zinafunguliwa moja baada ya nyingine, mwaka 1894 klabu 5 zikaungana kuunda chama cha taifa cha gofu, na 1895 ikachezwa US Open ya kwanza Newport, Rhode Island. Pesa walikuwa nazo, ardhi walikuwa nayo, kilichokosekana ni watu wanaoujua mchezo: wa kufundisha wanachama, wa kurekebisha fimbo zilizovunjika, wa kuangalia nyasi. Ndo wakaagiza watu kutoka Uskoti. Vijana wa North Berwick, wa Carnoustie, wa St Andrews wakapanda meli. Anderson kapanda mwaka 1896, ana miaka 16, akaanza kazi klabu ya Misquamicut pale Watch Hill, Rhode Island. Miaka 16 jamani, unavuka bahari kwenda kuwafundisha watu wazima mchezo wao wa mapumziko.

Mwaka uliofuata, 1897, akaingia US Open iliyochezwa Chicago Golf Club, wakati huo bado ni mashimo 36 tu ya siku moja, yaani raundi 2 za mashimo 18. Na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo mshindi. Akamaliza na mikwaju 163 na akawa anaongoza, kabaki kusubiri. Akaja Muingereza mmoja, Joe Lloyd, shimo la mwisho lina urefu wa yadi 466, na yeye kalimaliza kwa mikwaju 3! Jumla 162. Kijana wa miaka 17 kapokonywa kombe kwa mkwaju mmoja, tena kwenye shimo la mwisho. Mimi hapo nikisomaga bado naumia.

*Kijana wangu, nimeisoma makala yako na umekosea. Ben Hogan alishinda 1948, 1950 na 1951, na 1949 hakucheza kwa sababu ya ajali. Kwahiyo naye ni mara 3 mfululizo. Andika ukweli.*

Shikamoo mzee wangu. Umenikaripia na nimepokea, hoja yako ni nzito na miaka yote uliyotaja iko sahihi. Februari 1949 gari la Hogan liligongana na basi, wengi wakadhani hata kutembea hatatembea tena, na US Open ya mwaka ule akabeba Cary Middlecoff. Hogan akarudi akashinda 1950 na 1951. Ni kweli kabisa kwamba alishinda 3 mfululizo alizocheza, na kwa mtu aliyevunjika vile sina hata neno la kupunguza.

Ila mzee wangu, kumbukumbu zinahesabu mashindano yalivyofuatana, haziangalii nani alikuwepo na nani hakuwepo. Kwa hesabu hiyo ni Anderson peke yake, 1903, 1904, 1905. Na 1952 Hogan alipata nafasi ya kukamilisha 3 zisizo na ubishi, lakini aliyeshinda ni Julius Boros. Wengine waliokaribia ni Curtis Strange, 1988 na 1989, na Brooks Koepka, 2017 na 2018, huyu Koepka ndo alitutia presha kwelikweli maana mwaka wa tatu, 2019, alimaliza wa pili. Miaka zaidi ya 100 imepita na mlango haujafunguliwa.

Kwa jumla ya mataji wako sawa, mara 4 kila mmoja: Anderson (ukiongeza na la 1901), Bobby Jones, Hogan na Jack Nicklaus. Hakuna aliyefika 5. Majina matatu kati ya hayo kila mpenda gofu anayajua hata ukimuamsha usiku, la nne ndo mpaka tuandikiane barua.

*Nimeona mahali kwamba 1901 alishinda kwa mikwaju 331. Mhariri hiyo si aibu? Siku hizi mtu akipiga hivyo hata hafiki jumamosi, anaondolewa baada ya siku 2 za mwanzo.*

Si aibu hata kidogo, na swali hili nimelisubiri kwa hamu.

331 kwa mashimo 72 ni kweli, ni wastani wa karibu 83 kwa raundi, na mpaka leo ndo jumla kubwa kuliko zote iliyowahi kushinda US Open. Lakini angalieni pamechezwa wapi na kwa kitu gani. Uwanja ni Myopia Hunt Club, Massachusetts, mgumu balaa, na wiki ile hakuna mtu hata mmoja aliyeshuka chini ya 80 kwenye raundi yoyote. Hakuna! Mpira nao ulikuwa wa gutapecha, yaani utomvu wa miti ya huko Asia ya kusini mashariki unaochemshwa na kufinyangwa, ukikauka unakuwa mgumu kama jiwe. Ukiupiga vibaya mkono mzima unakufa ganzi, na hauendi mbali. Mpira wa mtindo mpya wa Haskell, ambao ndani una nyuzi za mpira zimezungushwa kwa kukazwa, ulikuwa ndo kwanza unaingia sokoni. Ule unaruka mbali zaidi ila ukifika karibu na shimo unarukaruka, inabidi mtu ajifunze upya kuutuliza.

Anderson kashinda 1901 kwa gutapecha halafu 1903, 1904 na 1905 kashinda kwa ule wa nyuzi. Ndo mtu pekee aliyebeba US Open kwa mipira yote miwili. Huo ni ushahidi tosha wa mkono wake, maana wapo waliokuwa wazuri kwa mpira wa zamani na mpya ulipokuja wakapotea.

Na hiyo 331 hakuwa nayo peke yake, Alex Smith wa Carnoustie naye kafunga hapohapo. Ikabidi warudie mashimo 18 wawili tu, ndo ilikuwa mara ya kwanza US Open kuamuliwa hivyo, tena wakasubiri mpaka jumatatu kwa sababu jumapili uwanja ni wa wanachama, mapro, yaani wachezaji wa kulipwa, wakae pembeni. Yamebaki mashimo 5 Smith anaongoza kwa mikwaju 5. Mtu yeyote angekunja mkeka. Anderson akamfukuza shimo kwa shimo mpaka akampita, 85 kwa 86.

Kuna kingine kinachosimuliwa kuhusu wiki ileile na mimi ndo kimenifanya nimpende. Mapro waliambiwa hawaruhusiwi kula ndani ya jengo la klabu, wakale jikoni. Hao ndo watu ambao mashindano yote yameandaliwa kwa ajili yao! Anderson alikuwa amesimama kwenye nyasi nzuri za mbele ya jengo anazungusha fimbo yake polepole, na aliposikia habari ile akasema hapana, jikoni hatuli, akashusha fimbo kwa nguvu zote akang'oa bonge la nyasi. Mtu mkimya, anaongea kwa nadra, lakini siku hiyo kila mtu alimuelewa. Mwisho wakawekewa hema, wakala humo.

*Dada yangu ameanza kujifunza gofu na mwalimu kamwambia mkono wa kushoto usipinde. Je Anderson naye alikuwa hivyo?*

Hapana, wa kwake ulikuwa unapinda kabisa. Alipiga kwa mtindo wa zamani wa Kiskoti, fimbo inazunguka mwili kwa chini chini badala ya kupanda juu, kiwiko cha kushoto kimelegea, mwendo mmoja laini. Alikuwa na mabega mapana na viganja vikubwa, na sifa yake ilikuwa kuuweka mpira pale anapotaka. Ila mwambie dada amsikilize mwalimu wake, ule mtindo ulikuwa wa fimbo za mti na makoti mazito ya sufu, wao walicheza na koti na tai shingoni.

*Alishinda hela ngapi? Alikufa tajiri?*

1901 bingwa alipewa dola 200, na kwenye zile 3 za mfululizo ilikuwa hivyohivyo, dola 200 kila moja. Piga hesabu mwenyewe, mataji 4 ni dola 800. Hakuna mtu angeacha kazi kwa hiyo. Ndo maana nasema muangalieni kama mfanyakazi: Rhode Island, Baltusrol kule New Jersey, Apawamis pale Rye, Onwentsia karibu na Chicago, St. Louis, mwisho Philadelphia Cricket Club, ndani ya miaka 14 kahama klabu karibu 10. Anafundisha, anatengeneza fimbo, msimu ukiisha anatafuta pengine. Mashindano aliyachomeka katikati ya kazi. Western Open, iliyokuwa ya pili kwa ukubwa kwa mapro wa Marekani, kaichukua mara 4 pia: 1902, 1904, 1908 na 1909. Ile ya 1902 kule Cleveland alipiga 299, ndo mara ya kwanza kwenye mashindano makubwa ya Marekani mtu kushuka chini ya 300 kwa mashimo 72, mwaka mmoja tu baada ya ile 331 mliyonicheka nayo.

*Nilisoma kwamba aliuawa na pombe. Ni kweli? Na kama ni kweli kwanini tumsifie?*

Nimeliacha la mwisho kwa sababu linanigusa.

Kuhusu kifo chake yameandikwa mengi. Wapo walioandika mishipa ya damu ilikakamaa, wapo waliosema pombe, na kwamba alikunywa na wenzake hilo halifichwi. Hati ya kifo imeandika kifafa. Ugonjwa huo miaka ile watu waliuonea aibu, familia zilificha, na maneno ya pombe yakajaza nafasi, yakarudiwa mpaka yakawa ndo historia yake. Mtu kabeba US Open mara 4 halafu kinachokumbukwa ni chupa. Hilo silikubali.

Hata angekuwa mlevi, 303 aliyopiga kwenye US Open ya 1904 uwanja wa Glen View na kumaliza na raundi ya 72 haikupigwa na pombe. Ushindi wa Baltusrol 1903 nao ulikuwa wa jasho, aliingia raundi ya mwisho anaongoza kwa mikwaju 6, mambo yakaharibika akapiga 82, akafikiwa na David Brown, mtu aliyewahi kushinda Open ya Uingereza 1886, akalazimika kurudi kucheza naye tena na akamshinda 82 kwa 84. Na 1905 akarudi Myopia, uwanja uleule wa jikoni na hema, akashinda kwa 314, wa pili nani? Alex Smith tena. Smith alisubiri mpaka 1906, akashinda pale Onwentsia kwa 295.

Wiki yake ya mwisho duniani Anderson alikuwa kazini. Alienda maeneo ya Pittsburgh kucheza mechi za maonyesho, mashimo 36 kwa siku, siku zinafuatana, halafu akapanda treni kurudi Philadelphia. Alifariki nyumbani tarehe 25 Oktoba 1910, siku 4 baada ya kutimiza miaka 31, wakazika makaburi ya Ivy Hill palepale mjini. Chama cha mapro wa Marekani, ambacho kingewatetea watu kama yeye, kilianzishwa 1916.